Nyumba ya Pall Mall: Reform Club na Wawhig Walioijenga

Wageni waliofika Reform Club, mtaa wa Pall Mall, London, mwanzoni mwa miaka ya 1840, wengi hawakuwa na haraka ya kuonyeshwa maktaba wala ukumbi mkuu. Walitaka kuona jiko. Mpishi mkuu, Mfaransa Alexis Soyer, kijana mwenye maringo aliyependa nguo zilizoshonwa mshazari na kofia ya mahameli iliyokaa upande, aliwatembeza mwenyewe. Hapa majiko ya gesi, ambayo wapishi wengi wa zama zile walikuwa wakiyasikia tu. Pale makabati ya nyama na samaki yaliyopozwa kwa maji baridi. Kule injini ya mvuke iliyozungusha vyuma vya kuchomea nyama na kupandisha sahani ghorofani. Mchoro wa jiko hilo, uliochorwa kana kwamba ukuta umeondolewa na kila chumba kinaonekana hadi ndani, ulichapishwa na kuuzwa kama vile zinavyouzwa picha za watu maarufu.

Wageni walisahau, au hawakujali, kwamba chini ya sufuria zile palikuwa na chama cha siasa. Klabu hii ilianzishwa na Wawhig mwaka 1836 ili wapate kula meza moja na watu wasiopatana nao. Mwaka 2036 itatimiza miaka 200. Chama kilichoijenga kimekufa zamani sana.

Neno lenyewe Whig lilikuwa tusi. Kati ya 1679 na 1681, wabunge wa Kiingereza waligawanyika juu ya swali moja: je, James, mdogo wake Mfalme Charles II, aliyekuwa Mkatoliki, aruhusiwe kurithi kiti? Waliotaka azuiwe waliitwa Whig, jina la wachunga mifugo na waasi wa dini wa magharibi ya Uskoti. Waliomtetea waliitwa Tory, jina la majambazi wa porini huko Ireland. Kila upande ulimtupia mwenzake tusi, na kila upande ukalivaa kama kilemba. James alirithi, akafukuzwa 1688, na Wawhig wakajihesabu tangu hapo kuwa walinzi wa kanuni kwamba mfalme hutawala kwa ridhaa ya Bunge.

Tusidanganyike na maneno hayo matamu. Hawa hawakuwa watu wa chini. Walikuwa makabaila wenye mashamba yasiyoonekana mwisho, waliooana wenyewe kwa wenyewe na kugawana vyeo kama urithi. Katika karne ya 18 walishika dola kwa miongo. Robert Walpole peke yake aliongoza serikali tangu 1721 hadi 1742. Kisha upepo ukageuka. Tangu 1784 hadi 1830, ukiondoa vipindi vifupi, walikaa upinzani, na makao yao yakawa klabu ya Brooks's, mtaa wa St James's. Huko Charles James Fox, mzungumzaji wao hodari kuliko wote, alitetea walowezi wa Marekani dhidi ya mfalme mchana, na usiku akapoteza fedha za baba yake kwenye meza ya kamari.

Mtu aliyewarudisha madarakani alikuwa mwanafunzi wa Fox. Earl Grey, ambaye leo wengi humjua kwa chai iliyopewa jina lake, alikuwa amepeleka bungeni hoja ya kurekebisha uchaguzi mwaka 1793, akashindwa. Akarudia 1797, akashindwa tena. Alipokuwa Waziri Mkuu Novemba 1830 alikuwa na miaka 66, na hoja ilikuwa ile ile.

Hali ya uchaguzi ilikuwa kichekesho. Old Sarum, kilima chenye magofu na nyasi, kilipeleka wabunge wawili. Dunwich, mji ambao sehemu yake kubwa ilikuwa imemezwa na bahari, nao ulipeleka wawili. Waliobaki bila mwakilishi hapo walikuwa samaki tu. Wakati huohuo Manchester, Birmingham na Leeds, miji ya viwanda iliyojaa watu na moshi, haikuwa na mbunge wake hata mmoja. Viti vya vijiji vitupu vilikuwa mali ya matajiri, vikinunuliwa na kuuzwa, na baadhi ya wenye kuvimiliki walikuwa Wawhig wenyewe.

Machi 1831 muswada wa Grey ulivuka hatua ya pili kwa kura 302 dhidi ya 301. Kura moja. Uchaguzi mpya ukawapa wingi mkubwa, lakini Oktoba Baraza la Malodi likaukataa. Watu wakaingia barabarani. Nottingham ilichoma ngome ya kabaila, na Bristol iliwaka moto siku kadhaa. Mei 1832 Grey alimtaka Mfalme William IV aahidi kuteua malodi wapya wa kutosha kuwazidi wapinzani. Mfalme alipokataa, Grey akajiuzulu. Duke of Wellington akajaribu kuunda serikali, hakupata watu, na Grey akaitwa tena huku ahadi ikiwa mkononi. Malodi walipoona kwamba watafurikwa, wengi walibaki majumbani siku ya kura. Sheria ikapata saini tarehe 7 Juni 1832.

Ilifuta majimbo 56 ya aina ya Old Sarum na kuipa miji mipya wabunge. Haikumpa fundi wala mkulima kibarua kura. Katika miji ilimpa mwanamume mwenye nyumba ya thamani ya pauni 10 kwa mwaka. Huko England na Wales, baada ya makelele yote yale, takriban mwanamume mmoja tu kati ya watano ndiye aliyeweza kupiga kura. Na kwa mara ya kwanza sheria ya uchaguzi ya nchi ile iliandika wazi kwamba mpiga kura ni mwanamume. Tutalikumbuka hili mbele.

Kifungu kilichozaa Reform Club ni kidogo na hakina mvuto: kila mpiga kura sasa ilimbidi aandikishwe kwenye daftari na kulipa ada ya shilingi. Mtu angeweza kuwekewa pingamizi, na asipofika kujitetea jina linafutwa. Wakubwa wa Whig waliona jambo hili kama kazi ya makarani. Wapinzani wao waliona mbali zaidi. Mwaka huohuo wa 1832, wakiwa bado wanauguza kipigo, Watory walianzisha Carlton Club, na hapo wakapanga mawakala, fedha, na nani agombee wapi. Nyumba ya kula na kunywa ikawa ofisi kuu ya chama.

Wawhig walichelewa, na sababu yake ilikuwa fahari. Wingi wao bungeni uliyategemea makundi mawili yasiyokaribishwa sebuleni kwao: Waradikali waliotaka kura ya siri na haki zaidi, na Wakatoliki wa Ireland chini ya Daniel O'Connell. Mapema mwaka 1835 makundi hayo matatu yalikubaliana, katika mikutano nyumbani kwa Lord Lichfield, kumwangusha Robert Peel, nao wakamwangusha. Lakini Brooks's ilikuwa na vigololi. Kura ya kumpokea mwanachama hupigwa kwa gololi ndani ya sanduku, na nyeusi chache tu zinatosha kumfungia mtu mlango. Mbunge aliyewapa Wawhig serikali mchana angeweza kukataliwa kiti cha chakula jioni.

Edward Ellice ndiye aliyelitatua tatizo hilo. Alikuwa mbunge wa Coventry na alikuwa amewahi kuwa mnadhimu wa chama bungeni, yaani yule anayehesabu vichwa kabla ya kura. Alitajirika kwa biashara ya ngozi za wanyama wa Canada na kampuni ya Hudson's Bay, akamwoa dada yake Grey, na watu wakambatiza jina la Dubu. Historia za sherehe hupenda kuishia hapo. Ellice pia alikuwa na mashamba ya watumwa katika visiwa vya West Indies. Serikali ya Whig ilipopitisha sheria ya kukomesha utumwa 1833, ilitenga pauni milioni 20 kuwafidia wenye watumwa. Watumwa wenyewe hawakupewa kitu. Ellice alikuwa miongoni mwa waliolipwa. Nyumba ya mageuzi ilianzishwa na mtu huyo, na sioni sababu ya kulifunika jambo hilo kwa zulia.

Mkutano wa kuanzisha ulifanyika nyumbani kwake, Carlton House Terrace, 1836. Sharti la uanachama lilikuwa fupi: uwe mtu wa mageuzi, unayeiunga mkono sheria ya 1832. Hukuulizwa baba yako nani. Wawhig wakubwa waliingia kwa kusitasita. Waradikali kina Joseph Hume na William Molesworth waliingia kwa furaha, na O'Connell naye akaingia. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wenyeji hawa walihitaji kupona.

Jengo lilishindaniwa na wasanifu kadhaa mwaka 1837, akashinda Charles Barry, ambaye wakati uleule alikuwa akijenga upya Bunge lililoteketea kwa moto Oktoba 1834. Barry alitazama Roma, kwenye kasri la Farnese, akaleta Pall Mall jumba la mawe lenye uso mtulivu na madirisha yaliyopangwa kwa mizani. Katikati alikusudia uwanja wa wazi kama wa majumba ya Italia. Mvua ya London ikamshauri vingine, akaufunika kwa paa la vioo. Mtu akiingia leo hukuta ukumbi huo wenye nguzo pande zote, mwanga ukishuka kutoka juu, na kuzungukwa na roshani ambako wanachama huegemea na kutazama nani amekuja na nani.

Nyumba ilifunguliwa tarehe 1 Machi 1841. Majira ya joto hayohayo Wawhig walishindwa uchaguzi mkuu, na mwezi Agosti serikali ya Lord Melbourne ilianguka. Walipata jumba zuri kuliko yote mtaani katika mwaka waliopoteza nchi.

Siku tatu baada ya mlango wa Pall Mall kufunguliwa, ng'ambo ya Atlantiki, Whig mwingine aliapishwa. Wamarekani walioasi 1776 walikuwa wamejiita Whig kwa maana ya wapinga mfalme, na miaka ya 1830 jina lilifufuliwa na wapinzani wa Rais Andrew Jackson, waliomchora kwenye vibonzo akiwa na taji na kumwita Mfalme Andrew wa Kwanza. Viongozi wao walikuwa Henry Clay wa Kentucky na Daniel Webster wa Massachusetts, watu wa benki ya taifa, ushuru wa kulinda viwanda, barabara na mifereji. Uchaguzi wa 1840 waliushinda kwa nyimbo, vibanda vya magogo na pombe ya matofaa, wakimsimamisha jenerali mzee William Henry Harrison kana kwamba ni mkulima wa porini. Aliapishwa tarehe 4 Machi 1841, akafariki tarehe 4 Aprili. Makamu wake, John Tyler, akakataa kwa kura ya turufu miswada ya benki ya chama kilichomchagua, na chama kikamfukuza akiwa Ikulu.

Clay aligombea urais mara tatu asiupate. Zachary Taylor aliupata 1848 akafia madarakani 1850. Kilichowamaliza hasa ni utumwa. Mwaka 1854 sheria ya Kansas na Nebraska ilipoacha suala hilo mikononi mwa walowezi, Wawhig wa kaskazini na wa kusini hawakuweza tena kukaa chumba kimoja. Chama kilichokuwa na rais mwaka 1852 hakikuwepo kwa maana yoyote mwaka 1856. Mmoja wa mayatima wake, wakili wa Illinois aliyemhusudu Clay, aliitwa Abraham Lincoln. Sisemi kwamba klabu ingewaokoa. Swali lao halikuwa la kutatuliwa kwa chakula cha jioni. Ila Wawhig wa London, waliokuwa na ugomvi mwingi lakini mdogo zaidi, waligundua kwamba ni vigumu kumsaliti asubuhi mtu uliyekula naye usiku.

Na walikula. Soyer aliajiriwa 1837, akiwa na miaka 27, kabla hata jengo halijaanza. Siku Malkia Victoria alipotawazwa, 28 Juni 1838, aliandaa kifungua kinywa cha watu 2,000. Alibuni mbavu za mwanakondoo zilizoviringishwa kwenye chenga za mkate na nyama ya nguruwe iliyokatwakatwa, pamoja na mchuzi mkali wenye vipande vya ute wa yai lililochemshwa, uyoga na achari ya matango. Julai 1846 klabu ilimkaribisha Ibrahim Pasha wa Misri, mtoto wa Muhammad Ali, pamoja na wageni wapatao 150. Mwishoni Soyer alileta piramidi ya keki yenye kimo cha futi mbili na nusu, juu yake picha ya Muhammad Ali. 

Siku chache kabla ya karamu hiyo, Lord John Russell, Whig wa damu, alikuwa amekuwa Waziri Mkuu. Ireland ilikuwa katika mwaka wa pili wa viazi kuoza shambani. Serikali yake iliamini kwamba soko lijitengenezee bei na kwamba msaada huzalisha uvivu, ikawalazimisha wenye njaa kuvunja mawe barabarani ili walipwe. Hilo liliposhindikana, mwanzoni mwa 1847 ikageukia supu, ikamwomba Soyer aende Dublin.

Alijenga kibanda kikubwa na kukiwekea jiko lenye chungu cha galoni 300. Watu waliingia 100 kwa mpigo kengele ilipolia. Mbele ya kila mmoja palikuwa na bakuli lililozamishwa kwenye meza na kijiko kilichofungwa kwa mnyororo. Kengele ikilia tena wanatoka mlango wa pili, mkononi kipande cha mkate, na 100 wengine wanaingia. Siku ya ufunguzi, Aprili 1847, waungwana wa Dublin walikuja kutazama, na magazeti yalilalamika kwamba walilipa shilingi tano waone maskini wakila. Mapishi yake ya kwanza yalikuwa na robo ratili ya nyama kwa galoni mbili za maji. Ukiwa umewahi kupika supu, fanya hesabu mwenyewe.

Hata hivyo supu ile nyembamba ndiyo iliyofanya kazi kuliko chochote. Julai 1847 majiko ya umma kote Ireland yalikuwa yakilisha watu milioni tatu kwa siku. Kisha serikali ya Russell ikayafunga kabla ya majira ya baridi, mzigo ukaachiwa kodi za wilaya zilizokuwa zimefilisika. Njaa ile iliua watu wapatao milioni moja. Dola iliweza kuwalisha, ilionyesha kwa miezi kadhaa kwamba inaweza, kisha ikaacha. Katika hesabu ya Wawhig hakuna deni kubwa kuliko hili, na walioliweka walikuwa wanachama na marafiki wa nyumba yenye jiko bora kuliko yote Uingereza.

Soyer aliondoka klabuni 1850. Mwaka 1855 alikwenda kwenye vita vya Crimea kwa nauli yake, akarekebisha chakula cha hospitali za jeshi na kubuni jiko la kambini ambalo wanajeshi wa Uingereza waliendelea kulitumia hadi karne ya 20. Alifariki 1858.

Mwaka uliofuata chama cha Whig nacho kilifikia mwisho wake, ingawa hakuna aliyelia. Tarehe 6 Juni 1859, katika Willis's Rooms, Wawhig, Waradikali na wafuasi wa marehemu Peel walikubaliana kufanya kazi pamoja. Huo ndio unaohesabiwa kuwa mwanzo wa chama cha Liberali. Wageni walikuwa wamekuwa wengi kuliko wenyeji. Aliyekuja kuwaongoza, William Gladstone, alianza siasa akiwa Tory, na baba yake alilipwa fidia ya watumwa zaidi ya pauni 100,000. Serikali ya Gladstone huyo ndiyo iliyomshinikiza Sultani Sayyid Barghash kutia saini mkataba wa Juni 1873 na kufunga soko la watumwa la Zanzibar, pale Mkunazini ambapo leo pana Kanisa Kuu la Kianglikana.

Gladstone ndiye pia aliyevunja meza. Mwaka 1886 alipotaka Ireland ijitawale mambo ya ndani, zaidi ya wabunge 90 wa chama chake walipiga kura dhidi yake, wakiongozwa na Hartington, mrithi wa Duke of Devonshire, pengine Whig wa mwisho wa aina ile ya zamani. Tangu hapo Reform Club haikuwa tena nyumba ya chama; wanasiasa wa Liberali walikuwa tayari na National Liberal Club, iliyoanzishwa 1882. Mwaka 1913 Winston Churchill na David Lloyd George walijiuzulu uanachama kwa sababu rafiki yao, Baron de Forest, alipigiwa gololi nyeusi. Klabu iliyozaliwa kukimbia vigololi vya Brooks's ilikuwa imejifunza kuvitumia.

Siasa zilipotoka, waliingia waandishi, wanauchumi na watumishi wa Hazina. Henry James alikuwa na chumba chake humo. Jules Verne aliifanya nyumba hii ijulikane duniani kuliko Grey na Ellice walivyoweza: ni hapa Phileas Fogg aliweka dau la pauni 20,000 kwamba ataizunguka dunia kwa siku 80. Oktoba 1940 bomu la Wajerumani lilivunja Carlton Club, hatua chache kutoka hapo, na hakuna aliyekufa. Reform Club ilibaki imesimama.

Mwaka 1981, miaka 149 baada ya sheria ya Grey kuandika kwamba mpiga kura ni mwanamume, Reform Club ilipokea wanawake, miongoni mwa za kwanza kufanya hivyo kati ya klabu kongwe za wanaume mjini London. Sharti la kuunga mkono sheria ya 1832 limebaki kama kumbukumbu. Mbavu za Soyer zimo kwenye orodha ya chakula mpaka leo.